Kuwapokea wageni Lubumbashi: maswali tunayoulizwa kuhusu mafunzo

Tunaendesha mafunzo ya kuwapokea wageni, hasa waliokimbilia mjini kwetu. Ukurasa huu ni wa wale wanaokaa upande wa ndani wa dirisha: wauguzi wa vituo vya afya, walimu wakuu na makatibu wao, mawakala wa komini, mashefu wa kartie (wakuu wa mitaa), kamati za parokia na za makanisa mengine, hata wenye nyumba za kupangisha wakitaka. Maswali tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa kikaoni, pamoja na yale yenye ukali.

Lubumbashi nzima ni wageni. Kwa nini tufundishwe kupokea watu?

Karibu kila kundi linaanzia hapo, na lina haki. Mji ulianza 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilitafuta vibarua Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wagiriki, Waitaliano na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walifungua maduka. Na kabla mji haujawa mji, Msiri aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891 alikuwa mtu wa Unyamwezi. Kwa hiyo mtu wa Katuba au Kamalondo anayejiita mwenyeji, mara nyingi babu yake alishuka kwenye gari moshi akiwa na sanduku moja.

Lakini kuzaliwa na mgeni hakumfundishi mtu kupokea mgeni. Wakati mwingine kunamfanya awe mgumu zaidi. Anaikumbuka hadithi ya nyumbani, kwamba babu alifika mikono mitupu na hakuna aliyemsaidia, kisha anaichukua hadithi hiyo kumpimia mama aliyefika jana. Anachosahau ni kwamba babu alikuwa na kampuni inayomngoja: nyumba kwenye kambi, posho ya kila wiki, zahanati, shule ya watoto. Kampuni ilimtawala kwa ukali, ndiyo, lakini ilimpokea. Aliyekimbia Kasai wakati wa vita vya Kamuina Nsapu, vilivyoanza 2016 na kuwahamisha watu zaidi ya milioni 1, au aliyetoka jimbo letu la Tanganyika kwa sababu ya mapigano ya Watwa na Waluba, au aliyekimbia Kivu, hana kampuni. Ana namba ya simu ya muyomba wake, na namba hiyo haipatikani.

Mtatupa orodha ya mila za kila kabila?

Hapana. Tunaombwa kila mara, na wengine wanakasirika kwa sababu walikuja na daftari tayari kuandika "Waluba hivi, Washi vile, Wabemba hivi".

Sababu yetu ni hii. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walichapisha makala kuhusu kuwaandaa madaktari kuhudumia watu wa tamaduni mbalimbali. Wanasimulia habari ya muuguzi aliyekuwa akimhudumia mama mmoja wa asili ya Amerika ya Kilatini baada ya upasuaji. Mama anaugulia kwa maumivu. Daktari anayepita anamwambia muuguzi kwamba mgonjwa huyu anaumia sana. Muuguzi anajibu kuwa alisoma somo la tamaduni, na kwamba wagonjwa wa asili hiyo huonyesha maumivu kuliko wanavyoyasikia. Daktari yule naye alikuwa wa asili hiyo hiyo. Haikusaidia. Somo lilikuwa limemfunga muuguzi masikio.

Orodha ya mila inafanya kazi hiyo. Inamwambia wakala kwamba tayari anamjua mtu ambaye bado hajafungua mdomo. Halafu, orodha ya nani? Msichana aliyezaliwa Mbuji-Mayi, akalelewa Kinshasa, akaolewa Kalemie na kuhamia Rwashi, utamweka ukurasa gani? Tervalon na Murray-García walipendekeza unyenyekevu mahali pa umahiri: mtu ajichunguze daima, na akumbuke kwamba kati yake na anayehudumiwa mmoja ana muhuri na mwingine hana. Kwetu sisi jambo la muhuri ndilo zito zaidi.

Basi mnafundisha nini?

Sehemu kubwa ya kazi haifanyiki darasani. Tunatembea na nyinyi njia anayopita mgeni katika huduma yenu wenyewe, kuanzia getini. Mlinzi anasema nini? Kibao kimeandikwa lugha gani, na je, asiyejua kusoma anajua aende mlango upi? Foleni inaitwa kwa jina au kwa namba? Mtu anaulizwa mambo yake mbele ya watu wangapi? Karatasi gani inadaiwa, na nani aliamua kwamba ni lazima?

Hapo ndipo watu wanaposhtuka. Kituo kinaweza kuwa na wauguzi wenye upole wa kweli na bado kikawafukuza wageni bila kujua, kwa sababu getini kuna kijana anayedai kadi ya mpiga kura kabla ya mtu kupita. Nchi yetu imekaa miaka mingi kadi hiyo ikitumika kama kitambulisho, na aliyeunguliwa nyumba hana. Tabasamu la muuguzi halimfikii aliyerudishwa getini.

Baada ya hapo tunafanya mazoezi ya kuuliza, kusikiliza, kutumia mkalimani, na kujikamata pale unapokwisha kuhukumu. Tunasikia maneno kama "bale batu habasikiake" yakisemwa na watu wema kabisa. Hatumwaibishi aliyesema. Tunamwuliza: mara ya mwisho nani hakusikia, alielezwa kwa lugha gani, na alielezwa na nani?

Siku moja haitoshi?

Haitoshi. Na hatupendi watu wakiletwa kwa amri ya mkubwa. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliofuatilia makampuni ya Marekani kwa miaka mingi, waliandika 2016 kwamba mafunzo ya lazima ya aina hii mara nyingi hayaleti mabadiliko, na pengine yanazidisha ukaidi. Yaliyofanya vizuri zaidi ni yale ya hiari, na hatua zinazowapa watu kazi halisi ya kufanya pamoja. Lubumbashi si ofisi ya Marekani, lakini anayeburutwa kwenye kikao ananuna kwa namna moja kila mahali. Tunapendelea vikao vifupi vinavyoachana kwa wiki, ili kila mtu arudi kazini, ajaribu jambo moja, kisha aje atuambie lilivyoshindikana.

Kuna perdiem?

Hakuna. Nauli tunarudisha, na saa sita kuna bukari na sombe. Tunajua kwamba kwa jibu hili tunapoteza washiriki. Wanaobaki wanakuwa wachache na wazuri.

Mgeni hasikii Kiswahili. Mtoto wake anasikia. Kuna ubaya gani mtoto akitafsiri?

Kuuliza saa, bei, njia ya kwenda choo, hakuna ubaya. Kwa ugonjwa, fujo la nyumbani, kifo au pesa, usimtumie mtoto.

Mwaka 2003 daktari Glenn Flores na wenzake walichapisha uchunguzi wa ziara 13 za watoto kwa daktari huko Marekani, zilizorekodiwa na kuchambuliwa neno kwa neno. Kila ziara ilikuwa na wastani wa makosa 31 ya ukalimani, na asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kumletea mgonjwa madhara. Wakalimani wa kuokoteza, yaani ndugu, jirani au mfanyakazi aliyepita, ndio walioongoza kwa makosa mazito. Mtoto anaruka asichokielewa, na anaruka pia anachokielewa vizuri lakini kinamtia haya. Fikiria kijana wa kiume akimwuliza mama yake kuhusu hedhi mbele ya muuguzi. Ataokota swali jingine alitupie hapo.

Kwetu kuna tatizo la ziada: tunadhani kila mtu wa Mashariki anasikia Kiswahili chetu. Mtu wa Bukavu anatusikia, lakini Kiswahili cha Lubumbashi kimejaa Kibemba, Kiluba na Kifaransa, na akiambiwa haraka haraka anaitikia kwa adabu tu. Aliyetoka kijijini Kasai pengine ana Kiluba cha Kasai na Lingala kidogo. Usimwulize mtu "umesikia?", kwa maana jibu ni "ndiyo" siku zote. Mwambie: "Mama, nisaidie nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, dawa hii utampaje mtoto?" Akieleza mwenyewe utajua.

Mkitumia mkalimani, mtazame mgeni, usimtazame mkalimani. Sema kidogo, nyamaza, subiri. Mkalimani akiambiwa maneno marefu kisha akakuletea neno moja, mwombe arudie yote. Na kabla ya kuanza mwulize mgeni, kwa faragha, kama yuko sawa na mkalimani huyo. Yule jirani mwema wa kabila lake anaweza kuwa ndiye mtu asiyepaswa kusikia habari hizi, kwa sababu jioni wote wawili watakutana kwenye bomba moja la maji.

Naruhusiwa kumwuliza mtu kabila lake?

Jiulize kwanza: jibu litabadilisha nini katika huduma nitakayompa? Kama halibadilishi kitu, swali hilo ni umbea uliovaa sare. Unachohitaji mara nyingi ni lugha, kwa hiyo uliza lugha: "Papa, unapenda tuongee lugha gani?" Ukihitaji kujua alikotoka kwa sababu ya chanjo au ya shule, uliza mji au teritwari, na umweleze kwa nini unauliza.

Sheria ipo wazi kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 13, inakataza Mkongo kubaguliwa kwa kabila lake, kwa dini yake, hata kwa mahali anapokaa. Kifungu cha 30 kinampa haki ya kukaa popote nchini. Kifungu cha 66 kinamdai kila Mkongo amtendee mwenzake bila ubaguzi. Na tangu tarehe 7 Juni 1966 ipo Sheria-amri nambari 66-342 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Wakala anayesema "rudi kwenu" dirishani hajakosa adabu tu.

Katika kundi letu kuna ambao familia zao zilifukuzwa mwaka 1992, na kuna wengine. Mtawaketisha pamoja?

Tunawaketisha pamoja, ila hatuanzii hapo.

Kwa vijana ambao hawakuambiwa: kuanzia Agosti 1992 na kuendelea 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Walikuwa mamia ya maelfu. Huko Likasi na Kolwezi walirundikana kwenye vituo vya reli wakingoja treni za kwenda Kasai, na wengi walikufa wakingoja au njiani, hasa watoto. Leo treni zinaleta watu kutoka Kasai, na mzee mwenye umri wa kutosha hawezi kuangalia kituo cha reli kwa macho ya kawaida. Wenyeji nao wana kumbukumbu yao, ya nani alipata kazi ya ofisini na nani aliachiwa koleo wakati wa kampuni. Kumbukumbu hiyo haifuti lililotendeka 1992, lakini ipo, na isiposemwa kikaoni inasemwa dirishani, kwa mgeni ambaye hajui hata anaadhibiwa kwa nini.

Kwa hiyo tunangoja mpaka watu wamefanya kazi pamoja vikao kadhaa. Halafu hatuombi mtu asimulie. Anayetaka anasema, asiyetaka anakaa kimya, na hakuna anayeombwa kuomba msamaha kwa niaba ya kabila zima. Kikao kikiwaka moto tunakisimamisha, tunakunywa chai. Kuna makundi ambayo hayakufika kwenye mazungumzo hayo kabisa, na tuliyaacha hivyo.

Majina yanatuchanganya. Baba ana jina lake, watoto kila mmoja na lake. Tutajuaje kama ni wake?

Swali hili linaletwa zaidi na wenzetu wa mashirika waliotoka nje ya nchi; watu wa hapa wanalijua jibu. Kwetu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na huo si udanganyifu. Mbuyi na Kabanga ni majina ya mapacha.

Tatizo la watu wa hapa ni tahajia. Jina la Kasai linaloanza na Tshi-, wakala anaandika Chi-, mwingine Ci-, wa tatu anasikia Ki-. Mwandishi mmoja wa haraka, na mtoto anakuwa watu watatu: mmoja kwenye kadi ya chanjo, mwingine kwenye buletini ya shule, wa tatu kwenye hati ya kuzaliwa. Miaka kumi baadaye, kwenye mtihani wa serikali, anatakiwa athibitishe kwamba hao wote ni yeye. Mwombe mgeni akuonyeshe karatasi yoyote ya zamani, nakili herufi kwa herufi, msomee kwa sauti. Kama hana karatasi, mwulize jina linaandikwaje, na kama hajui kuandika, tafuta mtu wa lugha yake kabla hujapiga muhuri.

Mtoto asiye na hati asikose darasa kwa sababu hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza. Mwandikishe kwanza, kisha msaidie mzazi kuanza safari ya hati.

Mgonjwa anasema ametupiwa ugonjwa. Nimkatalie au nikubali?

Huna haja ya kufanya lolote kati ya hayo. Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Harvard, alitengeneza maswali ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyatumia, na tunayafanyia mazoezi kwa Kiswahili: Unafikiri ugonjwa huu umeletwa na nini? Kwa nini ulianza wakati ule ulioanza? Unakufanyia nini mwilini? Unaogopa nini zaidi? Unatumaini matibabu yakupe nini?

Mara nyingi jibu la "unaogopa nini" ndilo linalofungua mlango. Mama anasema mtoto ametupiwa na mke mwenza, kumbe anachoogopa ni kurudi nyumbani usiku. Au anasema ameshampa mtoto dawa ya mizizi, habari ambayo asingeitoa kama ungeanza kwa kumcheka. Andika dawa hiyo kwenye kadi. Endelea na kipimo cha malaria.

Basi kuheshimu mila ni kukubali kila kitu?

La. Msichana wa miaka 15 akiletwa kama mke wa mtu, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto, na inakataza kuchumbiwa na kuolewa kwake. Hakuna kabila linalofuta hilo. Ila namna ya kusema ni muhimu: ukimfokea baba mbele ya foleni, kesho binti haji tena, na wewe utabaki na haki yako mkononi. Ongea na binti peke yake, kwa mkalimani asiye wa familia. Halafu ipeleke kesi kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto, usiifanye ya kwako.

Wenyeji nao wana njaa. Kwa nini wageni wapendelewe?

Wanaouliza hivi hawana roho mbaya. Mtu wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, anayelala bila kula anaona gunia la unga likipita kwenda kwa mwenye wiki tatu mjini. Akinyimwa maelezo atajitungia yake, na maelezo hayo yatakuwa na kabila ndani.

Msaada ukipita mikononi mwenu, bandikeni ukutani nani anapata, kwa kigezo gani, na nani aliamua, kwa maneno ambayo shefu wa kartie anaweza kuyasoma kwa sauti. Pale mnapoweza, wekeni wenyeji maskini kwenye orodha hiyo hiyo. Na jambo la kisima au darasa jipya, lifanyeni kwa kartie nzima, lisiwe la wageni peke yao.

Mgeni akianza kulia mbele yangu?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia mwaka 2011, na kazi yake inaingia kwenye maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama na anahitaji nini sasa hivi, maji, kiti, mahali pa faragha. Sikiliza bila kumchimba. Muunganishe na anayeweza kumsaidia zaidi. Usimwambie "pole, wengine wameona makubwa kuliko wewe". Tunalisikia sana, na wanaolisema wanadhani wanafariji. Kama halali usiku kwa wiki nyingi, anasikia sauti, au anasema heri afe, usibaki naye peke yako: Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Mpeleke, usimwonyeshe njia tu.

Na wageni kutoka nje ya nchi?

Mkimbizi wa nchi nyingine ana sheria yake, ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ofisi yake, Tume ya Taifa ya Wakimbizi. Wafanyabiashara wa Zambia wanaopita Kasumbalesa na Wachina wa migodini wana shida nyingine, na mengi ya tunayofundisha yanawahusu pia. Ila tukubaliane: yule anayekuja na gari lake na mwanasheria wake hapokelewi vibaya mjini hapa. Mafunzo yameandikwa kwa ajili ya aliyekuja kwa miguu.

Kuna cheti?

Kipo, kimeandikwa kwamba ulihudhuria. Hakisemi kwamba umebadilika.

Tutajuaje kama imesaidia?

Msitupe sisi alama. Kila mtu hutupa alama nzuri baada ya bukari. Chukueni daftari la mapokezi. Wangapi walirudishwa getini mwezi huu, kwa sababu gani? Akina mama wageni wangapi walikuja kwa kliniki ya kwanza ya mimba na hawakuonekana ya pili? Watoto wangapi walioandikishwa Septemba bado wapo darasani baada ya Pasaka? Hesabu hizo mnazo tayari, hazijasomwa tu.

Mgeni mwenyewe anaweza kuja kufundisha?

Ndiyo, na tunamtafuta. Lakini haji kusimulia msiba wake ili sisi tulie. Anakuja kama mtu anayeijua njia ya kuingia kwenye huduma yenu kuliko nyinyi: anasoma fomu zenu, anatembea toka getini, anawaambia alipokwama. Analipwa ada ile ile anayolipwa mwezeshaji mwingine yeyote, na anaambiwa mapema nani atakuwa chumbani, ili kama kuna uso asiotaka kukutana nao aweze kukataa bila kueleza sababu.